Barua ya Wazi kwa Wenye Dhamana ya Misitu ya Mvua: Utalii Uwe Mali ya Wenyeji

Waheshimiwa mawaziri wa misitu na utalii, wakurugenzi wa hifadhi, na ninyi wakuu wa mifuko inayofadhili uhifadhi katika nchi zenye misitu ya mvua,

Pokeeni kwanza salamu zangu na heshima zangu. Ninawaandikia kuhusu jambo moja, nalo ni swali la nani awe mwenye mali pale mgeni anapolipa fedha ili aingie kuuona msitu. Katika hotuba na mipango ya wizara nyingi, utalii wa ikolojia husifiwa kwa sababu unaleta ajira, na vijiji vilivyo kando ya msitu hutajwa kuwa ni "wanufaika". Neno hilo ndilo linalonikosesha raha. Mnufaika hupokea anachopangiwa, siku anayopangiwa, naye hana pa kuuliza kikichelewa au kikipungua. Mwenye mali huketi mezani, hufungua daftari, huhoji, na asiporidhika hukataa. Ombi langu ni kwamba jamii zinazoishi na msitu ziwe wamiliki wa biashara ya utalii inayofanyika humo, kwa hati, kwa hisa na kwa kura, kwani naamini kwa dhati kwamba faida tunazozitarajia kutokana na utalii huu, kwa watu na kwa miti, hazidumu bila hilo.

Tuanze na udongo, maana ndiko ugomvi wenyewe unakoanzia. Anayeutazama msitu wa mvua kwa mbali hudhani ardhi yake ina rutuba isiyokwisha, kumbe katika sehemu kubwa ya misitu hii rutuba imo ndani ya miti yenyewe na katika tabaka jembamba la majani yanayooza juu ya ardhi. Ukifyeka na kuchoma, majivu yatakupa mavuno mazuri msimu wa kwanza na pengine wa pili, kisha mvua ile ile iliyoulea msitu huikokota rutuba hiyo hadi mtoni, na mkulima hana budi kusogea mbele na kufyeka tena. Familia inayofanya hivyo haiichukii miti wala haikosi akili. Inafanya hivyo kwa sababu ada ya shule inadaiwa mwezi huu, na mti uliosimama haulipi ada. Utalii ni miongoni mwa njia chache zinazoufanya mti uliosimama ulipe, na mwaka unaofuata ulipe tena bila kuguswa na shoka. Hayo mnayajua, na mmeyaandika katika sera zenu. Ambalo halijaandikwa waziwazi ni kwamba mti huo unamlipa nani.

Mfano ninaourudia mara nyingi ni wa jamii ya Infierno, jina ambalo kwa Kihispania maana yake ni jehanamu, iliyo kando ya mto Tambopata kusini mashariki mwa Peru. Huko wanaishi Waese'eja pamoja na familia zilizohamia kutoka sehemu nyingine za Amazon na kutoka milima ya Andes. Nawaomba mzingatie mfuatano wa mambo. Jamii hiyo ilipata hati ya ardhi yake katika miaka ya 1970, na ilikuwa mwaka 1996 ndipo ilipotia saini mkataba na kampuni binafsi ya utalii iitwayo Rainforest Expeditions. Walikuja mezani wakiwa tayari wenye ardhi, na kampuni ilizungumza nao ikilijua hilo. Mkataba ulikuwa wa miaka 20. Jamii ilitengewa asilimia 60 ya faida na kampuni asilimia 40, uamuzi ukawa wa nusu kwa nusu, na wanajamii wakawa na haki ya kujifunza kazi zote za nyumba ya wageni, kuanzia kutandika vitanda na kuendesha boti hadi kuongoza wageni na kusimamia biashara yenyewe. Nyumba hiyo, Posada Amazonas, ilifunguliwa mwaka 1998, na jamii ikachagua kamati yake ya kukaa na kampuni na kujadili kila kitu, kuanzia mshahara wa mpishi hadi njia ipi ya msituni ifungwe ipumzike.

Kilichofuata kinatufundisha zaidi ya takwimu za mapato. Mwanaanthropolojia Amanda Stronza, aliyeifuatilia jamii hiyo kwa miaka mingi, alionyesha kwamba ajira ya nyumba ya wageni iliwapunguzia watu muda wa kuwinda na kulima, lakini vilevile kipato kipya kiliwapa baadhi ya familia uwezo wa kununua zaidi na kupanua uzalishaji wao. Kwa lugha nyepesi, fedha peke yake haichagui upande: mshahara wa utalii unaweza kununua madaftari ya watoto, na unaweza kununua msumeno wa mnyororo. Kinachoielekeza fedha hiyo ni kule kukaa pamoja kama wenye biashara na kupanga mustakabali wa msitu. Mtumishi wa hoteli anaporudi nyumbani jioni hana sababu ya kumkemea jirani anayefyeka, kwa kuwa hoteli si yake. Mwenye hisa anayo sababu, na jirani yake naye ni mwenye hisa, kwa hiyo maneno yanaishia katika mkutano wao wala hayafiki polisi.

Katika ardhi ya jamii hiyo wapo tai aina ya harpi, ndege wakubwa ambao hulea kinda mmoja tu kwa kila miaka miwili au mitatu. Ndege wa namna hiyo akipigwa risasi mara moja, pengo lake halizibiki kwa miaka. Lipo pia ziwa la Tres Chimbadas, lenye fisi maji wakubwa wa Amazon, wanyama wanaosumbuka upesi mtumbwi ukiwasogelea wakiwa na watoto. Kwa ajili hiyo sehemu ya ziwa imeachwa bila kuingiwa na wageni. Elinor Ostrom, aliyepewa Tuzo ya Nobel ya Uchumi mwaka 2009, alionyesha kwa mifano ya nchi nyingi kwamba watu wanaotumia mali kwa pamoja wanaweza kuitunza vizazi na vizazi, iwapo wanashiriki kutunga kanuni zake na iwapo wanaosimamia kanuni hizo wanawajibika kwao. Mpaka uliochorwa ziwani kwa kukubaliana na wavuvi wenyewe una walinzi wengi kuliko askari ambao wizara yoyote inaweza kuwaajiri.

Nawaomba sasa mniruhusu niwasimulie jambo dogo. Siku moja nilifuatana na kundi la wageni nyuma ya mwongozaji aliyekulia kando ya msitu. Tulikuwa tumetembea saa nzima bila kuona mnyama, na baadhi ya wageni walikwisha anza kutazama saa zao. Ghafla akainua mkono, tukasimama. Sisi sote tukatazama juu, yeye akainama. Akaokota ganda la tunda la mkuyu lililotafunwa, akaligeuza, akalibonyeza kwa kidole gumba, likatoa majimaji. "Bado bichi," akanong'ona. "Wako juu yetu, wamenyamaza kwa sababu wametusikia." Akatukalisha kwenye mizizi. Haikupita robo saa, matawi yakaanza kutikisika, na kundi zima la kima likashuka kuendelea na mlo wake mbele ya macho yetu, mama mmoja akiwa na mtoto amemng'ang'ania tumboni.

Mgeni alikuwa amelipia robo saa hiyo. Hakulipia kitanda, maana vitanda viko kila mahali. Lakini mikataba ya uwekezaji inapoandikwa, vitanda huhesabiwa kuwa mtaji, boti huhesabiwa, jenereta huhesabiwa, na ujuzi wa yule mwongozaji huandikwa kwenye ukurasa wa gharama, chini ya mishahara. Ardhi iliyotunzwa na wazee wake hata ikabaki na miti ya kuonyesha, nayo huhesabiwa kama kitu kilichookotwa. Ninasema kwa uwazi kwamba hesabu hiyo haina haki. Msitu uliosimama na maarifa ya kuusoma ndiyo sehemu kubwa ya bidhaa inayouzwa, na walioleta sehemu hiyo wanastahili hisa zake.

Najua baadhi yenu mtasema kwamba vijiji havina fedha za kujenga nyumba za wageni. Ni kweli, lakini si kila utalii unaanza na nyumba ya wageni. Huko Bigodi, magharibi mwa Uganda, jirani na Hifadhi ya Taifa ya Kibale, wanakijiji walianzisha chama chao mwaka 1992 na kuanza kuwatembeza wageni katika kinamasi cha mafunjo kilicho nje ya mipaka ya hifadhi. Mtaji wao ulikuwa njia ya miguu, mbao za kukanyaga penye tope na vijana wanaowajua ndege kwa sauti. Mapato yake yalisaidia kuanzisha shule ya sekondari ya kijiji. Kinamasi ambacho wengine wangekikausha ili walime kimebaki kinamasi, na sababu yake ipo pale pale, inaonekana, ina madarasa na ina wanafunzi.

Penye haja ya mtaji mkubwa, wafadhili wanaweza kufanya kama walivyofanya Bolivia. Jamii ya San José de Uchupiamonas, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Madidi, ilikuwa inapoteza watu wake, waliokuwa wakihama kutafuta shule na matibabu. Kwa msaada wa shirika la Conservation International na fedha za Benki ya Maendeleo ya nchi za Amerika, walijenga nyumba ya wageni ya Chalalán, wakafundishwa kuiendesha, na mwaka 2001 umiliki wote ukakabidhiwa kwao. Katika mpango huo mfadhili alijua tangu mwanzo kwamba ataondoka, na kila kazi aliyoifanya ilimwandaa mwenyeji kubaki. Miradi mingi ya miaka mitatu mitatu inayoandikwa siku hizi haina subira hiyo. Mwaka wa kwanza ni semina, wa pili ni ujenzi, wa tatu ni ripoti, halafu gari la mradi linaondoka na kijiji kinabaki na jengo ambalo hakuna aliyefundishwa kuliendesha.

Lipo suala la mgawo wa mapato, na hapa nataka nieleweke vizuri. Uganda inatenga asilimia 20 ya viingilio vya hifadhi zake kwa ajili ya maeneo yanayozizunguka. Rwanda ilianza kutenga asilimia 5 ya mapato ya hifadhi mwaka 2005, na mwaka 2017 ikapandisha hadi asilimia 10. Ni hatua za kheri, na nchi ambazo hazijafika hapo zingefanya vyema kuiga. Hata hivyo mgawo hubaki kuwa mgawo. Hupitia ofisi za serikali za mitaa, hugeuka zahanati au barabara ambayo pengine serikali ingepaswa kuijenga hata kusipokuwa na msitu, na mama ambaye shamba lake limeliwa na nyani jana haoni uhusiano wowote kati ya barabara hiyo na nyani wale. Kwa hiyo mgawo uendelee, lakini usitumiwe kuwa kisingizio cha kuwanyima watu umiliki.

Kuna jeraha ambalo hatuwezi kulizungukia. Mwaka 1991, misitu ya Bwindi na Mgahinga ilipofanywa hifadhi za taifa, Wabatwa waliokuwa wameishi humo tangu enzi za mababu walitolewa nje. Mwaka 2021 Mahakama ya Katiba ya Uganda iliona kwamba walitolewa katika ardhi yao bila fidia ya kutosha. Leo wageni kutoka pande zote za dunia huja kuwatazama sokwe wa milimani katika misitu hiyo, wakiwa wamelipia vibali vya mamia ya dola, na watoto wa waliotolewa huwa na bahati wakipata nafasi ya kuwaonyesha wageni namna babu zao walivyokuwa wakiishi. Siandiki haya kuilaumu nchi moja, kwani hifadhi nyingi katika mabara yote zimeanzishwa kwa kuwahamisha watu. Naandika kwa sababu utalii unaojengwa juu ya msitu ulionyang'anywa una deni, na njia ya heshima ya kuanza kulilipa deni hilo ni kuwafanya walionyang'anywa kuwa wabia.

Nisije nikaonekana kwamba ninauza ndoto. Utalii ni biashara inayoweza kusimama ghafla, na mwaka 2020 sote tulishuhudia. Mipaka ilifungwa kwa sababu ya Uviko-19, ndege zikakaa chini, na vijiji vilivyokuwa vimeacha kila kitu kwa ajili ya wageni vikajikuta mikono mitupu. Mwezi Juni mwaka huo, katika Msitu wa Bwindi, aliuawa Rafiki, sokwe dume aliyekuwa kiongozi wa kundi la Nkuringo, na mtu aliyepatikana na hatia alikuwa ameingia msituni kuwinda wanyama wadogo. Habari hiyo iliniumiza, na bado naiona kuwa onyo. Jamii haipaswi kamwe kuahidiwa kwamba wageni watakuja siku zote. Inapaswa kusaidiwa kuwa na akiba ya pamoja, na kuendelea na njia nyingine za kujipatia riziki zinazouacha msitu umesimama, kama asali, au kama njugu za Brazil kwa watu wa Amazon, ambazo hutoka kwenye mti unaohitaji nyuki wakubwa wa msituni ili uzae na panya wakubwa wa msituni ili mbegu zake zienee, hata ikawa vigumu kuuvuna nje ya msitu ulio hai. Mwenye mali anaweza kupanga hivyo, kwa kuwa akiba ni yake na uamuzi ni wake. Mwajiriwa alipewa barua ya kusimamishwa kazi, basi.

Pingamizi linalotolewa zaidi, ingawa husemwa kwa sauti ya chini, ni kwamba wanakijiji watakula fedha. Sikatai kwamba hutokea. Zipo familia zinazojichukulia kamati, wapo viongozi wanaoweka ndugu zao katika kila nafasi, na wanawake mara nyingi huachiwa usafi huku wanaume wakitia saini hundi. Lakini nimewahi pia kukaa katika mkutano ambao mweka hazina wa chama alikuwa akisoma daftari kwa sauti mbele ya watu wote, stakabadhi moja baada ya nyingine. Alipofika kwenye petroli ya boti, bibi mmoja aliyekuwa amekaa nyuma kabisa akajikongoja akasimama. "Mjukuu wangu," alisema, "mwezi huo mto ulikuwa umekauka, boti haikutembea wiki mbili. Petroli hii yote ilinywewa na nani?" Kijana akapekua karatasi zake, jasho likimtoka, akagundua kwamba stakabadhi mbili zilikuwa za mashine ya kupasulia mbao na zilikuwa zimeandikwa mahali pasipo pake. Zikasahihishwa pale pale, na bibi akaketi. Hakuna mkaguzi kutoka mji mkuu ambaye angejua kwamba mwezi ule mto ulikuwa umekauka.

Sheria za kuanzia zipo, na hazipo katika bara moja tu. Tanzania, kupitia Sheria ya Misitu ya mwaka 2002, inaviruhusu vijiji kutangaza misitu ya hifadhi ya ardhi ya kijiji na kuisimamia vyenyewe. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, kwa amri ya mwaka 2014, inaziruhusu jamii kupewa msitu wa hadi hekta 50,000 bila ukomo wa muda. Kinachokosekana mara nyingi ni kuiunganisha milango miwili: kijiji hupewa msitu na wizara moja, halafu leseni ya kupokea wageni katika msitu huo huo huombwa kwa wizara nyingine, kwa ada na masharti yaliyotungwa kwa ajili ya makampuni makubwa, mpaka kijiji kinakata tamaa na kumwachia mwekezaji.

Kwa hayo yote, ninaomba hati ya ardhi itangulie mkataba wa mwekezaji, wala isiahidiwe kufuata baadaye. Ninaomba kila mkataba wa ubia uonyeshe thamani ya ardhi na ya maarifa ya wenyeji kuwa ni mtaji, utaje mwaka ambao umiliki wote utakabidhiwa, na utaje ni watu wangapi watakuwa wamefundishwa usimamizi na uhasibu kufikia mwaka huo, wanawake kwa wanaume. Ninaomba kijiji kiwe na mamlaka ya kuweka ukomo wa wageni, kama ambavyo kwa sokwe wa milimani huruhusiwa watu wanane tu kwa kundi kwa siku, kwa muda wa saa moja, maana msitu uliojaa kelele hauna cha kumwonyesha mgeni. Kwa ninyi wenye mifuko ya fedha, ninaomba mpime miradi yenu kwa miaka 15 au 20, na msihesabu kuwa mmefanikiwa siku ya kukata utepe.

Najua kwamba wakati huu, katika ofisi zenu, ipo mikataba ya utalii wa misitu inayosubiri saini. Kabla hamjaitia saini hiyo iliyo mezani, naomba rasimu yake ipelekwe kijijini, isomwe yote kwa sauti katika lugha ya watu wa pale, kifungu kwa kifungu, na wapewe siku za kutosha kuijadili bila mwekezaji kuwapo. Wakiwa na maswali, yajibiwe kwa maandishi. Wakikataa kifungu, kiandikwe upya.

Naomba kuwasilisha.